Sindano Hupanga Siku, Haimlishi Mbuzi

Katika nyumba nyingi za askari, polisi na watumishi wengine wa serikali, mbuzi ni akiba iliyo hai. Mshahara huingia mara moja kwa mwezi na kutoka kwa milango mingi. Lakini mbuzi wawili au watatu waliofungwa nyuma ya nyumba kule Buterere au Kinama, au waliokabidhiwa jamaa kilimani, hungojea siku ya karo, siku ya ugonjwa, siku ya Noeli au ya Idi. Baba akihamishwa kituo, au akipelekwa mbali kama walivyopelekwa wanajeshi wa Burundi nchini Somalia kuanzia Desemba 2007, mama ndiye abakiye na ufunguo wa akiba hiyo.

Akiba hiyo, hata hivyo, ina sharti moja: mbuzi jike hana budi kuzaa. Asiyezaa hula majani, hulamba chumvi, huchukua nafasi zizini, na mwisho wa mwaka hana alichoongeza ila samadi. Ndiyo sababu habari za dawa za homoni, yaani sifongo na sindano za kumfanya mbuzi ahitaji dume na kushika mimba kwa siku iliyopangwa, huvuta masikio ya wafugaji. Yafaa basi ielezwe dawa hizo ni nini, hufanya nini, haziwezi kufanya nini, na kwa nini mojawapo haipaswi kuguswa kamwe na mama mjamzito.

ZIZI LIMEMWONGEZEA MFUGAJI KAZI

Zamani mbuzi walizurura. Jike aliyehitaji dume alimfuata beberu popote alipo, au beberu alimtafuta yeye kwa pua yake. Mwenye mali hakuhesabu siku. Aliona tumbo linakua, akashukuru. Oktoba 2018 ilipitishwa nchini Burundi sheria ya kufuga mifugo ndani ya zizi wakati wote na kukataza isizurure, na wafugaji wakapewa miaka mitatu ya kujitayarisha. Sheria ya namna hiyo ina manufaa yanayoonekana kwa macho: mihogo ya jirani haiharibiwi, ugomvi wa mipakani hupungua, na samadi hukusanyika mahali pamoja.

Lakini zizi limehamisha kazi moja kubwa kutoka kwa beberu na kuitia mikononi mwa mfugaji. Mbuzi aliyefungwa peke yake hawezi kumfuata dume. Joto lake hudumu siku moja au mbili tu, kisha hutulia, na halirudi ila baada ya siku 21 hivi. Siku hiyo ikipita bila kutambuliwa mara tatu mfululizo, miezi miwili imekwisha kupotea. Mbuzi wa namna hiyo huitwa tasa, na hupelekwa machinjioni kwa kosa ambalo si lake. Kumbe hakuwahi kuonana na beberu kwa wakati wake.

HOMONI NI WAJUMBE

Askari anaelewa vizuri amri inavyosafiri. Hutoka makao makuu, hupelekwa na mjumbe, na kikosi hutenda. Mwili wa mbuzi nao una makao makuu yake, ambayo ni ubongo, na wajumbe wake ni homoni zinazosafiri ndani ya damu.

Ubongo huamuru vifuko vya mayai vikomaze yai. Yai linapokomaa, vifuko hivyo hutoa homoni ya joto: mbuzi hulia sana, hutikisa mkia upesi upesi, huacha kula, hupanda wenzake, na sehemu yake ya uzazi huvimba na kutoa ute. Karibu na mwisho wa joto hilo yai hutoka. Pale lilipotoka huota kinundu cha manjano, na kinundu hicho hutoa homoni iitwayo projesteroni, ambayo kazi yake ni kuutuliza mfuko wa uzazi ili mimba ikae. Projesteroni ikiwapo, joto jipya haliji. Mimba isipotunga, mfuko wa uzazi wenyewe hutuma mjumbe mwingine, prostaglandini, ambaye hukivunja kinundu; na hapo mzunguko huanza upya.

Dawa za homoni si muujiza. Ni wajumbe hao hao, au mfano wao, waliotengenezwa viwandani. Ya kwanza ni sifongo ndogo iliyolowekwa dawa ya namna ya projesteroni, ambayo huwekwa ndani ya uke wa mbuzi. Ikiwa humo, mwili hudhani kinundu kingalipo, na joto huzuiliwa. Siku inapotolewa, mbuzi wote waliowekewa hupata joto karibu wakati mmoja. Mtaalamu T. J. Robinson wa Sydney, Australia, ndiye aliyeianzisha njia hiyo kwa kondoo mwaka 1964. Ya pili ni sindano ya prostaglandini, ambayo huvunja kinundu kabla ya siku zake. Ya tatu ni dawa itokanayo na damu ya farasi jike mwenye mimba, ambayo husukuma mayai yakomae. Cole na Hart wa Chuo Kikuu cha California waliigundua nguvu ya damu hiyo mwaka 1930.

Utaratibu ulioenea nchini Ufaransa huziunganisha zote tatu. Sifongo hukaa siku 11. Saa 48 kabla ya kuitoa, mbuzi hudungwa sindano mbili. Kisha, takriban saa 43 hadi 45 baada ya sifongo kutolewa, hupandishwa kwa chupa, yaani kwa mbegu za dume zilizohifadhiwa katika baridi kali ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Na hata huko, penye umeme usiokatika, wataalamu wengi na majani tele, mbuzi wanaoshika mimba kwa mara hiyo moja ni karibu sita katika kila kumi. Wanne hurudi kutafuta beberu.

KILICHOWASUKUMA WAZUNGU

Hapa ndipo mfugaji wa Bujumbura anapaswa kutua na kufikiri. Dawa hizi zilitafutwa ili kutatua shida gani?

Mjini Paris siku ndefu ya mwaka ina nuru kwa saa 16 hivi, na siku fupi kwa saa 8 tu. Mbuzi wa nchi hizo huongozwa na nuru. Siku zinapofupika, kuanzia mwisho wa kiangazi chao, hupata joto. Zinaporefuka, hunyamaza kwa miezi mingi hata akiletewa chakula cha namna gani. Basi huzaa wote kwa msimu mmoja, na maziwa hujaa kwa msimu mmoja, kisha viwanda vya jibini hukaa bila kazi. Wafugaji wa Ulaya walihitaji dawa ya kuvunja ukimya huo.

Bujumbura iko kwenye nyuzi 3 na dakika chache kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki nusu saa. Mbuzi wa kienyeji wa Imbo na wa vilimani hana ukimya wa miezi mingi uletwao na nuru. Akiwa na afya na shibe, anaweza kupata joto mwezi wowote. Akinyamaza, aghalabu sababu iko karibu zaidi ya jua: hori tupu, minyoo, ugonjwa, kunyonyesha akiwa amedhoofu, au kutokuwapo kwa beberu.

Kutokana na hayo, neno kuu ni hili: dawa ya homoni hupanga siku. Haiongezi damu kwa mbuzi aliyekonda, haifukuzi minyoo, wala haitii maziwa kiweleni. Prostaglandini yenyewe haifanyi lolote kwa mbuzi asiye na kinundu cha kuvunjwa. Na mbuzi aliyedhoofu mno hana kinundu hicho, kwa sababu mzunguko wake umesimama. Kumdunga sindano mbuzi wa namna hiyo ni kumpigia baragumu askari ambaye hajala siku tatu. Amesikia, lakini hawezi kusimama.

HATARI ZISIZOSEMWA SOKONI

Ya kwanza inamhusu mbuzi mwenyewe. Mimba ya mbuzi hutegemea kile kinundu cha manjano tangu siku ya kwanza hata siku ya kuzaa. Kwa hiyo sindano ya prostaglandini ikidungwa kwa mbuzi ambaye tayari ana mimba, humtoa mimba. Mfugaji aliyetaka mtoto mmoja upesi huweza kuwapoteza wawili waliokuwa njiani. Asidungwe mbuzi yeyote kabla daktari wa mifugo hajahakikisha kwamba hana mimba.

Ya pili inaihusu familia. Prostaglandini hupenya ngozi ya binadamu. Mama mjamzito asiishike chupa yake, wala sindano yake, wala asimshike mbuzi wakati wa kudungwa. Mtu mwenye pumu naye akae mbali, maana inaweza kumbana kifua. Wengine wavae mipira ya mikono, na tone likianguka ngozini lioshwe mara moja kwa maji na sabuni. Sifongo zilizotumika bado zina dawa. Zisitupwe jalalani watoto wanapochezea, wala mtoni, bali zichomwe au zifukiwe mbali na kisima.

Ya tatu ni ya wingi usio na faida. Ile dawa itokanayo na damu ya farasi ikizidishwa, mbuzi hutoa mayai mengi mno. Watu husikia habari ya pacha wanne wakafurahi. Lakini mbuzi wa kienyeji ana chuchu mbili na maziwa kidogo, na watoto wanaozaliwa wadogo mno hufa juma la kwanza. Zaidi ya hayo, dawa hiyo ikirudiwa mwaka hadi mwaka kwa mbuzi yule yule, mwili wake hujenga kinga dhidi yake, na nguvu yake hupungua.

Ya nne ni ya walaji. Kila dawa ya namna hii ina siku zake za kungojea kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, nazo huandikwa kwenye kikaratasi chake. Chupa isiyo na maandishi, au ambayo tarehe yake imepita, au iliyoshinda juani juu ya meza ya mchuuzi, haifai kuingia nyumbani hata kama muuzaji aapa kwa majina yote.

MPANGILIO WA NYUMBA

Chukua mfano wa mke wa koplo ambaye mumewe yuko kituo cha mbali. Ana mbuzi jike watatu, na mwaka umepita bila mimba. Anakwenda kwa daktari wa mifugo, ambaye wengi humwita veterineri, na kumwambia, “Shikamoo, Bwana Daktari. Nimesikia kuna sindano ya kuzalisha mbuzi. Hawa wangu wamekataa.”

Daktari mwenye busara hafungui sanduku lake kwanza. Humwuliza, “Marahaba, mama. Wanakula nini? Waliwahi lini kupewa dawa ya minyoo? Na beberu yuko wapi?” Majibu ya maswali hayo matatu, mara nyingi, ndiyo matibabu.

Juu ya chakula: majuma mawili au matatu kabla ya kupandishwa, mbuzi aongezewe shibe. Mjini Bujumbura vitu havikosekani: majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, pumba, machicha ya kiwanda cha bia, na maganda ya mihogo yaliyokaushwa vizuri juani, kwa kuwa mabichi yana sumu. Vilimani kuna majani ya kaliandra na lusina yaliyopandwa kwenye kingo za mashamba. Mbuzi anayenenepa katika majuma hayo hutoa mayai zaidi, na pacha huja kwa njia hiyo bila sindano. Chumvi na maji safi visikosekane. Mtamba naye asipandishwe kabla hajafikia theluthi mbili za uzito wa mbuzi mzima.

Juu ya beberu: ipo homoni ya bure ambayo haiuzwi dukani, nayo ni harufu ya dume. Mbuzi jike wakitengwa na beberu kwa majuma matatu au zaidi, wasimwone, wasimsikie wala wasimnuse, kisha akaletwa ghafula, harufu yake huamsha ubongo wao, na wengi hupata joto katika siku kumi za kwanza. Hata wataalamu wa Ulaya wamerudi kuitumia njia hiyo kongwe. Majirani watano wanaweza kuchangia beberu mmoja, kwani dume mmoja mwenye afya hutosha majike 25 au 30. Asiye na beberu karibu naye amsugue mmoja kichwani, nyuma ya pembe, kwa kitambaa, akifunge kitambaa hicho ndani ya chupa, na akifungue kila asubuhi mbele ya jike wake. Aliye na joto hukijia kitambaa huku akitikisa mkia. Hapo apelekwe kwa dume siku hiyo hiyo, na arudishwe tena kesho yake.

Beberu asiachiwe binti zake, maana damu moja ikirudiana vizazi hudhoofu. Mfano mwema uko Meru, Kenya. Kuanzia mwaka 1996, shirika la FARM-Africa lilisaidia vikundi vya wakulima kutunza mabeberu wa aina ya Toggenburg katika vituo vya pamoja. Majike wa kienyeji walipelekwa huko kupandishwa, na beberu alihamishiwa kikundi kingine kabla hajawafikia watoto wake. Burundi nayo haikuwa nyuma, kwani katika miaka ya 1980 mradi uliosaidiwa na Ujerumani kule Ngozi ulichanganya mbuzi wa kienyeji na mabeberu wa Alpine kutoka Ujerumani.

Juu ya afya: mwanzoni mwa mwaka 2018 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Burundi, na mbuzi wengi walikufa. Ugonjwa huo huua, na huwatoa mimba wale unaowaacha. Chanjo yake ipo, na haina mbadala katika dawa za uzazi. Kadhalika mbuzi anayetupa mimba mara kwa mara huenda ana ugonjwa wa kutupa mimba, uitwao bruselosi, ambao huambukiza watu. Kondo la nyuma lisishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe kila siku bila kukosa.

Juu ya kalenda: mimba ya mbuzi ni siku 150. Aliyepandishwa tarehe 1 Machi huzaa karibu na tarehe 29 Julai, katikati ya kiangazi, majani yamekauka na kiwele kimenywea. Aliyepandishwa tarehe 15 Juni huzaa karibu na tarehe 12 Novemba, mvua imekwisha kurudi na majani yamechipua. Tarehe hiyo ya pili hudai shibe ya ziada wakati wa kupandishwa, kwa sababu Juni ni mwanzo wa ukame. Lakini ni rahisi kumlisha vizuri mbuzi mkavu majuma matatu kuliko kumwokoa anayenyonyesha pacha miezi miwili. Mbuzi anayeshika mimba miezi mitatu baada ya kuzaa huzaa kila baada ya miezi minane, yaani mara tatu katika miaka miwili.

HOMONI ZINAPOFAA

Baada ya hayo yote, dawa za homoni zina mahali pake, na si haki kuzikataa kabisa. Zinafaa pale chama cha ushirika, kituo cha utafiti, au kilima kizima chenye mbuzi wengi wanaopokezana vitoto kwa mpango wa mshikamano, kinapotaka kuleta mbegu za dume bora kutoka mbali. Fundi wa kupandisha kwa chupa hawezi kusafiri kila asubuhi kwa ajili ya mbuzi mmoja. Mbuzi 40 wakiwa na joto siku moja, safari yake ina maana. Zinafaa pia pale watu wanapotaka vitoto vya umri mmoja vizaliwe kwa juma moja, ili chanjo, ulinzi na mauzo ya siku kuu viende pamoja. Nchini Burundi kupandisha kwa chupa kumezoeleka zaidi kwa ng'ombe, na kwa mbuzi kazi hiyo hudai mkono uliofundishwa.

Yule mke wa koplo, basi, mwenye mbuzi watatu, anahitaji kwanza dawa ya minyoo, mafungu ya majani, beberu wa kuazima na kalenda iliyotundikwa ukutani, ambapo ataandika kila siku ya joto na kila siku ya kupandishwa. Mumewe akija likizo, na asome pale badala ya kuuliza. Ikiwa baada ya mizunguko mitatu ya siku 21, kwa shibe na kwa dume, mmoja wa mbuzi hao bado hajashika mimba, hapo ndipo amrudie daktari, achunguzwe, na neno la sindano litamkwe kwa haki.